Paka wa miaka 14 ameacha beseni lake: kabla ya kumlaumu, mpimeni

*Daktari, habari za kazi. Nina paka jike, tunamwita Nunu. Tulimpata akiwa kipaka mwaka ambao mwanangu mkubwa alianza darasa la kwanza. Sasa mwanangu yuko chuo mwaka wa pili, kwa hiyo paka ana kama miaka 14. Alishafungwa uzazi zamani. Tunaishi Upanga, ghorofa ya pili. Choo chake ni beseni la mchanga, yale makubwa ya kufulia, liko kwenye kibaraza cha nyuma, na maisha yake yote hajawahi kukosea. Huu ni mwezi wa tatu anakojoa ndani: mara kwenye mkeka wa sebuleni, mara kwenye zulia mbele ya mlango wa kibaraza, na mara mbili kwenye mswala wa mume wangu. Kinyesi nakikuta kando ya beseni, vigoroli vikavu. Anakula kuliko zamani lakini amekonda, na usiku analia kwa sauti kubwa. Maji anakunywa mpaka kwenye ndoo ya bafuni. Kucha zinamnasa kwenye mkeka, na dirishani alipopenda kukaa hapandi tena. Beseni nalisafisha kila baada ya siku tatu kwa Dettol. Mlango wa kibaraza tunaufunga magharibi kwa ajili ya mbu. Vituko hivi vilianza karibu na wakati mdogo wangu alipokuja kukaa nasi. Ni mjamzito, na mama mkwe anasema paka ana wivu, tena atamdhuru mtoto tumboni, bora apelekwe soko la samaki la Feri akaishi na wenzake. Mume wangu humkandamiza pua kwenye mkojo ili ajifunze, lakini wapi. Jirani kanishauri nimpunguzie maji, na kama anaumwa nimpe nusu ya Panadol. Nifanye nini?*

Dada yangu, nianze na ushauri wa jirani, kwa sababu huo hausubiri. Panadol usimpe: si nusu, si robo, si ya kumlambisha. Ini la paka halina uwezo wa kuisafisha dawa ile mwilini kama ini la binadamu linavyofanya. Sumu inayobaki huiharibu damu isiweze kubeba oksijeni, ufizi ukageuka rangi ya kahawia, uso na miguu vikavimba, na ini lenyewe likaharibika. Nusu ya kidonge cha miligramu 500 inatosha kumuua paka wa kimo cha kawaida. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini za duka la dawa nazo zikae mbali naye. Jirani amesema kwa nia njema, lakini paka wengi wamekufa kwa nia njema ya namna hiyo.

Maji nayo usimpunguzie. Inaonekana ni akili ya kawaida: akinywa kidogo atakojoa kidogo. Kwa paka mgonjwa mambo yako kinyume. Mkojo unamtoka mwingi bila yeye kutaka, ndipo anakunywa ili kufidia. Ukimfungia maji mkojo utaendelea kutoka, naye atakauka. Na kama kinachoumwa ni figo, siku chache za kiu zinaweza kumaliza kile kidogo kilichobaki. Muongezee. Weka bakuli la maji safi kila chumba anachokaa, na ndoo ya bafuni mwachie.

Sasa tuje kwenye wivu. Namuelewa mama mkwe, kwa sababu mambo mawili yalitokea pamoja na macho yakayaunganisha. Ni kweli pia kwamba ugeni humtikisa paka mzee: harufu mpya, godoro limelazwa pengine palepale anapopita kwenda kibarazani, mlango unaofungwa ambao zamani ulikuwa wazi. Lakini wivu haumfanyi paka akonde huku anakula. Wivu haumpi kiu ya kunywa ndoo. Na paka hana mpango wa kisasi kichwani, kwamba leo nitamkomoa bwana wa nyumba kwenye mswala wake. Anakojoa pale mwili ulipomshinda kuendelea kwenda mbele. Angalia ramani uliyonichorea mwenyewe: mkeka wa sebuleni, kisha zulia lililo mbele kabisa ya mlango wa kibaraza. Huyu ni mnyama aliyekuwa anakwenda chooni akakuta pamefungwa.

Mwambie shemeji yangu, kwa heshima, aache kumkandamiza pua. Paka hawezi kuunganisha adhabu hiyo na mkojo alioutoa saa moja iliyopita. Anachojifunza ni kwamba mtu huyu ni hatari na kwamba kukojoa mbele ya watu ni hatari. Matokeo yake ataanza kujificha: nyuma ya friji, chini ya kitanda, ndani ya kabati la nguo. Hapo ndipo mtajuta, maana sasa angalau mnauona mkojo wake.

Nimesoma dalili zako mara kadhaa, na naona mambo matatu yaliyokutana kwa wakati mmoja. Mkojo umeongezeka. Mwili umekuwa mgumu kufika na kuingia chooni. Na choo chenyewe, kilichomfaa akiwa kijana, hakimfai tena. Kila moja peke yake angeweza kulivumilia. Yote matatu pamoja yamemshinda.

Nianze na mkojo, maana hapo ndipo penye ugonjwa. Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa nchi kame za Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, na amerithi figo zenye uwezo mkubwa wa kubana maji. Paka mzima mwenye afya anayekula chakula chenye majimaji huenda usimwone akinywa siku nzima. Uzeeni vichujio vidogo vya figo hufa kimoja kimoja, na vilivyobaki hubeba kazi ya vilivyokufa kwa muda mrefu bila mtu kujua. Figo huanza kushindwa kubana mkojo pale ambapo karibu theluthi mbili ya uwezo wake imeshapotea. Ndiyo maana kwa mwenye nyumba inaonekana imeanza ghafla, kumbe mwilini imekuwa ikiendelea miezi, pengine miaka.

Lakini figo si mshukiwa pekee, na kwa Nunu wala si wa kwanza kwangu. Paka anayekula kuliko zamani huku anakonda, na anayelia usiku kwa sauti kubwa, ananifanya nifikirie tezi ya thairoidi iliyoko shingoni. Kwa paka wazee tezi hii mara nyingi huzidisha kazi: moyo unakwenda mbio, mwili unaunguza chakula chote, paka hatulii, anakunywa na kukojoa sana. Anayetazama juu juu atasema paka huyu mzima kabisa, mbona anakula! Baada ya tezi naweka kisukari, ambacho nacho huleta njaa, kiu na kukonda. Halafu kuna maambukizi ya kibofu, ambayo ni machache kwa paka vijana lakini huongezeka kwa majike wazee ambao mkojo wao umekuwa mwepesi. Magonjwa haya yanaweza kukaa mawili ndani ya mwili mmoja. Tena tezi ina hila yake: kwa kuwa inasukuma damu nyingi kupita kwenye figo, huficha ubovu wa figo. Ukiitibu tezi, wakati mwingine figo ndiyo inajitokeza. Daktari akikuambia hivyo baada ya mwezi wa dawa, usidhani dawa imemharibu figo. Ilikuwa hivyo tangu mwanzo.

Jambo la pili ni viungo. Umenipa dalili bila kujua umenipa: hapandi dirishani, na kucha zinanasa kwenye mkeka. Paka mwenye maumivu ya viungo hachechemei kama mbwa. Anaacha tu kufanya vitu, na sisi tunasema amezeeka. Haruki, hanoi kucha, hivyo zinakuwa nene na ndefu. Halambi mgongo wa chini, manyoya yanashikamana pale. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliopitia picha za eksirei za paka 100 waliozidi miaka 12, na 90 kati yao walionyesha viungo vilivyolika. Kwa hiyo swali la kujiuliza kuhusu Nunu ni kiasi gani viungo vinamuuma, maana kwamba vimelika ni karibu hakika.

Sasa chukua paka huyo umpeleke kwenye beseni la kufulia. Ukuta wake ni mrefu kufika kifuani mwake. Ndani kuna mchanga unaozama chini ya miguu. Ili ajisaidie lazima anyanyue miguu yote minne, atue, ageuke, achuchumae kwenye kitu kisicho imara, kisha aruke kutoka. Ni kama kumjengea bibi mwenye magoti mabovu choo cha nyuma ya ukuta. Vile vigoroli vikavu kando ya beseni vinaniambia alifika mpaka pale, akasimama, akashindwa. Ukavu wake pia ni habari: mwili unakosa maji, choo kinakuwa kigumu, na kuchuchumaa muda mrefu kunauma zaidi. Paka akiumia mara kadhaa akiwa kwenye beseni huanza kulikimbia beseni lenyewe, kana kwamba ndilo linalomuuma.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, mpeleke kliniki ya wanyama wiki hii. Dar es Salaam kliniki zipo. Kama kipimo fulani hakipo kwenye iliyo karibu nawe, muulize daktari anakokipeleka. Kwa kesi ngumu ipo pia hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro. Omba hivi: apimwe uzito, apapaswe shingo, tumbo na viungo, apimwe presha, damu ipimwe kreatinini na yurea (takataka ambazo figo huzichuja), sukari na homoni ya thairoidi inayoitwa T4, na mkojo upimwe. Presha watu huisahau, lakini paka mwenye figo au tezi mara nyingi ana presha ya juu, na presha hiyo inaweza kumpofusha kwa usiku mmoja. Paka asiyeona naye hukosa beseni, tena hulia usiku.

Kama fedha ni ndogo, mwambie daktari waziwazi tangu mlangoni kiasi ulichonacho. Hakuna aibu, na daktari mzuri atapanga vipimo kwa umuhimu. Mimi ningeanza na mkojo, kwa sababu ni rahisi na unasema mengi. Ukionyesha sukari, tumepata jibu. Uzito wa mkojo, yaani uzito wake ukilinganishwa na wa maji, ukiwa juu ya 1.035, figo bado zinabana vizuri. Ukiwa chini sana, basi damu haikwepeki. Unaweza kuuchukua nyumbani: osha trei kwa maji moto na uikaushe, badala ya mchanga weka vipande vya mfuko wa plastiki safi ulivyokatakata, mfungie nayo chumbani asubuhi, akishakojoa uvute kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Ufikishe kliniki ndani ya saa moja au mbili, au uweke kwenye friji ukiwa umefungwa vizuri. Mkojo wa namna hii hautoshi kuoteshea vijidudu maabara, lakini kwa sukari na uzito unafaa.

Kuna kazi nyingine ya bure itakayomsaidia daktari kuliko maelezo. Kwa siku moja funika ndoo, jaza mabakuli kwa kipimo, na baada ya saa 24 pima kilichobaki. Paka wa kilo 4 akinywa zaidi ya mililita 400 kwa siku, hilo halina mjadala, ana ugonjwa. Hata 200 kwa paka anayekula samaki wa kuchemsha ni nyingi. Na mpime uzito kwa mizani ya jikoni akiwa ndani ya kikapu. Gramu 400 zikipotea kwa paka wa kilo 4, hiyo ni asilimia 10 ya mwili wake.

Tiba itategemea majibu. Tezi inatibika vizuri kwa vidonge vya kila siku. Kisukari kinahitaji insulini, na paka wengi huvumilia sindano kuliko wenye nyumba wanavyodhani. Maambukizi ya kibofu yana antibaotiki, lakini itolewe baada ya kupima, si kwa kubahatisha. Figo zilizokufa hazirudi. Hapo tunatunza zilizobaki kwa maji, chakula na kudhibiti presha. Kuhusu chakula nisikilize vizuri, kwa sababu mlo wa paka wa pwani una mtego wake. Dagaa wakavu na ng'onda wana chumvi nyingi, na dagaa anayeliwa na mifupa yake ana fosforasi nyingi, ambayo ni mzigo kwa figo mbovu. Mpaka majibu yatoke, mpe samaki mnofu au kuku aliyechemshwa bila chumvi pamoja na supu yake. Hicho ni chakula cha kuvukia tu, si mlo kamili wa kudumu. Daktari akithibitisha figo, muulize chakula maalumu cha figo cha paka. Dawa ya maumivu ya viungo pia ipo kwa paka, lakini baadhi ya hizo huumiza figo, ndiyo maana damu ipimwe kwanza. Iko pia sindano ya mara moja kwa mwezi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 kwa maumivu haya. Muulize daktari kama inapatikana.

Choo chake usingoje majibu kukibadilisha. Anza leo.

Jambo la kwanza kabisa: asifungiwe nje ya choo usiku. Nadhani hili peke yake linaeleza nusu ya mikojo yenu. Zamani Nunu alibana kuanzia magharibi hadi alfajiri. Leo kibofu kinajaa kwa muda mfupi na hana pa kwenda. Mbu ni tatizo la kweli, sikuambii muache mlango wazi. Weka choo cha pili ndani. Hata bila ugonjwa, nyumba yenye paka mmoja mzee inahitaji vyoo viwili: kimoja kibaki kibarazani, kingine kiwe karibu na pale anapolala. Na kwa kuanzia, kiweke palepale mbele ya mlango wa kibaraza alipopachagua. Akikizoea wiki mbili tatu, ndipo unakisogeza hatua chache chache mpaka mahali panapokufaa wewe. Taa ndogo ya usiku kwenye njia itamsaidia, hasa kama macho yameanza kufifia. Kisiwe karibu na chakula chake, wala karibu na mashine ya kufulia inayoanza kunguruma bila taarifa. Na kama mdogo wako analala sebuleni, mtafutie paka njia isiyopita juu ya godoro la mtu.

Chombo chenyewe: chukua kontena kubwa la plastiki la kuhifadhia nguo, lenye urefu wa mara moja na nusu ya mwili wa paka bila mkia, yaani kama sentimita 65 au 70. Upande mmoja mfupi ukate, ubakize ukingo wa sentimita 5 hadi 7 tu. Sugua makali kwa msasa au yafunike kwa gundi ya karatasi ngumu yasimkate. Kuta tatu zilizobaki ziache juu, kwa sababu paka mwenye nyonga ngumu hachuchumai sawasawa, hukojoa akiwa amesimama nusu, na mkojo hupita juu ya ukingo mfupi. Usimwekee kifuniko. Chini ya chombo tandika kitu kisichoteleza; sakafu za vigae ni mateso kwa miguu mizee.

Mchanga weka kina cha sentimita tatu hivi, usijaze. Kwa paka mwenye viungo vibovu mchanga mzito ni sawa na kutembea ufukweni wakati wa maji kupwa. Ule wa kununua unaogandamana ukilowa ndio rahisi kusafisha na wengi huupenda, ila bei yake si ya kila nyumba. Mchanga wa kawaida unafaa ukichekechwa kokoto zote zikatoka, ukaoshwa na kuanikwa juani. Maranda laini ya fundi seremala nayo yanafaa kama una hakika mbao hazikupakwa dawa. Majivu sikushauri: yakichanganyika na mkojo huwa makali, yakachoma nyayo, naye atazilamba. Ukitaka kubadili aina, weka vyombo viwili kando kwa kando, cha zamani na kipya, umwache achague mwenyewe.

Siku tatu bila kusafisha zilitosha alipokuwa anakojoa kidogo. Sasa utoe uchafu asubuhi na jioni. Najua ni kazi, na nyumba ina watu wengi, gawaneni. Chombo kioshwe kila wiki kwa maji moto na sabuni ya kawaida. Dettol iache. Dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikiingia kwenye maji zina kemikali ambazo ini la paka halizimudu, kwa sababu ileile ya Panadol. Anazikanyaga, analamba miguu, zinaingia. Na pua yake ni kali mara nyingi kuliko yetu: harufu inayokuambia wewe pamesafishwa, yeye inamfukuza. Jik nayo usiimwage juu ya mkojo, hutoa mvuke mbaya kwa kifua chenu wote, hasa cha mjamzito.

Mkeka na zulia: kausha kwanza kwa kitambaa, suuza kwa maji baridi, kisha loweka kwa sabuni ya unga ya kufulia yenye vimeng'enya, ile inayotangazwa kuondoa madoa ya chakula na damu, uache iingie kabla ya kusuuza na kuanika juani. Sabuni ya kawaida huondoa doa, lakini harufu hubaki kwa pua ya paka na kumwita arudi. Mkeka wa ukindu uliolowa mara nyingi huenda usiokoke. Mswala ukunjwe na kuwekwa juu mara baada ya swala. Paka mzee hupenda kitu laini kilicholala chini, ndiyo maana ameuchagua, wala si dharau kwa ibada. Paka mwenyewe si najisi, hilo mnalijua, lakini mkojo wake ni jambo jingine. Namna ya kuutoharisha mswala muulizeni imamu wenu, mimi si mtu wa fani hiyo.

Kuhusu mdogo wako. Hofu ya mama mkwe haikutoka hewani. Kuna kimelea kinaitwa toksoplasma kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni kama mama ataambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito. Lakini tazama kinavyofanya kazi. Paka hutoa mayai ya kimelea hicho kwenye kinyesi kwa muda wa wiki chache, kwa kawaida baada ya maambukizi yake ya kwanza, mara nyingi utotoni anapoanza kula panya na ndege. Paka wa miaka 14 anayekaa ghorofani na kula chakula kilichopikwa ana nafasi ndogo sana ya kuyatoa. Mayai hayo pia hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji siku moja hadi tano nje ya mwili. Kinyesi kikitolewa kila siku, njia imekatwa. Kwa hiyo mdogo wako asisafishe choo cha paka, kazi hiyo afanye mwingine mwenye glavu na kunawa mikono. Kumshika na kumbembeleza Nunu hakuna tatizo. Hatari kubwa zaidi kwa mdogo wako ni mishikaki isiyoiva vizuri, na mboga na kachumbari zisizooshwa sawasawa.

Kuna kitu kimoja kuhusu hili ambacho watu hawakifikirii: mchanga wenyewe. Ukichota kwenye rundo la mchanga wa ujenzi mtaani, paka wote wa mtaa walishautumia kabla yako. Ndani yake kunaweza kuwa na mayai yaliyokwisha komaa. Umwagie maji yanayochemka kwanza, ndipo uanike, na mdogo wako asiuguse kabisa.

Feri hapana. Nalisema hili bila kuzunguka. Paka wa pale ni vijana, wana maeneo yao, na wanapigania kila utumbo wa samaki. Nunu ana umri unaolingana na mtu wa miaka 70 na kitu, viungo vinamuuma, na hajawahi kulala nje. Ukimwacha pale hatapata wenzake, atapigwa na kufa kwa kiu na njaa ndani ya siku chache, akiwa na ugonjwa ambao huenda ulikuwa wa kidonge kimoja kwa siku. Ikifika mahali familia haiwezi tena kumtunza, au majibu yakaonyesha figo zimekwisha kabisa, akawa hali, anatapika, haamki, basi kumlaza usingizi wa mwisho mikononi mwa daktari ni jambo la huruma kuliko kumtupa. Sioni kwamba mmefika huko. Paka anayekula kwa hamu bado ana nafasi.

Lakini zipo hali ambazo hazingoji miadi. Akiingia na kutoka chooni mara kwa mara bila kutoa kitu, akilia anapokojoa, mkojo ukiwa na damu, akikaa siku nzima bila kula, akitapika mfululizo, akianza kugonga vitu kama asiyeona, au akikaa siku mbili tatu bila choo kikubwa, mpeleke siku hiyohiyo. Na wasomaji wenye madume: paka dume anayejikamua bila mkojo kutoka ameziba, na anaweza kufa ndani ya siku mbili. Huyo hata usiku apelekwe.

Mkirudi kliniki, niandikie namba zenyewe: uzito wake, kreatinini, T4, sukari na uzito wa mkojo, pamoja na jina la dawa na kipimo alichopewa. Nitakuambia zina maana gani, na kama chakula chake kibadilishwe au kibaki.